Unamfungulia Nani Seva Yako?

Hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya wasimamizi wa seva za SACCOS, shule na zahanati. Nimeiandika upya kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za asubuhi. Wadogo zangu mlioko vyuoni, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie namna ya kuongeza programu kwenye Nextcloud, ile programu ya kutunza na kushirikishana mafaili kwenye seva yako mwenyewe. Aliyenialika alidhani dakika kumi zingetosha, kwani kazi yenyewe ni kubofya kitufe kimoja. Nilimwomba aniongezee muda, naye akanikubalia, nami namshukuru. Kitufe ni kimoja kweli. Lakini yanayotokea nyuma yake ni mengi, na baadhi yake nimeyajua baada ya kuwasimamishia watu kazi zao asubuhi nzima.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Wengi wetu ofisi zetu zilikuwa zikiendeshwa kwa WhatsApp na barua pepe za bure. Fomu ya mkopo ya mwanachama, picha ya kitambulisho chake cha taifa, hati ya mshahara, sahihi ya mdhamini, vyote vilipita kwenye simu za watu watano au sita kabla ya kumfikia mhasibu. Mjumbe akimaliza muda wake anaondoka na simu yake, na ndani ya simu hiyo zimo siri za wanachama wote. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo kazi ilivyokuwa ikienda.

Ndipo tukasema hapana, na sisi tuwe na kwetu. Tukatafuta kompyuta iliyotumika yenye diski mbili, tukaweka mfumo wa uendeshaji, Debian au Ubuntu, juu yake Apache ya kuhudumia kurasa za wavuti, lugha ya PHP na hifadhidata ya MariaDB, na juu ya hizo Nextcloud. Programu hii asili yake ni Ujerumani. Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010, kisha Juni 2016 yeye na wenzake wakajitenga na kuanzisha Nextcloud. Kodi yake, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, iko wazi kwa leseni ya AGPL, yeyote anaweza kuisoma. Mwaka 2018 kituo cha TEHAMA cha serikali ya shirikisho ya Ujerumani, ITZBund, kiliichagua kwa ajili ya watumishi wapatao 300,000. Programu hiyohiyo ndiyo iliyo chini ya meza ya mhasibu wetu, ikilishwa na betri pale umeme unapokatika. Mimi jambo hilo hunipa moyo kila ninapolifikiria.

Na siku hizi hili si la hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. SACCOS inayochukua vitambulisho na hati za mishahara ya watu ni mkusanyaji wa taarifa binafsi kwa mujibu wa sheria hiyo, na ina wajibu wa kuzilinda. Mwanachama akija kuuliza nyaraka zake ziko wapi na nani anaweza kuzifungua, anastahili jibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Tulijenga kwetu ili nyaraka za watu zisikae mikononi mwa mtu tusiyemjua. Kila programu nyongeza ni kazi ya mtu fulani. Mara nyingi mtu huyo hatumjui. Na siku tunapoiweka programu yake kwenye seva, tunamkabidhi funguo zilezile tulizokuwa tunawanyima wengine.

Naomba niliangalie hili kwa karibu, maana wengi tunaingia na mazoea ya simu. Kwenye simu programu ikitaka kamera inaomba ruhusa, ikitaka majina ya watu inaomba ruhusa, na wewe unaweza kuikatalia. Kwenye Nextcloud hakuna swali la namna hiyo. Programu nyongeza ni folda yenye faili za PHP. Ukishaiwasha, faili hizo zinaendeshwa pamoja na Nextcloud yenyewe, kwa jina lile la mtumiaji wa seva ya wavuti, ambaye kwenye Debian na Ubuntu anaitwa www-data. Chochote ambacho www-data anaweza kukisoma, programu ile inaweza kukisoma: fomu zote za wanachama wote, na hata faili ya config.php ambamo nenosiri la hifadhidata limeandikwa waziwazi. Hakuna ukuta kati ya kalenda na mafaili. Ipo aina mpya ya programu zinazokaa kwenye kontena zake pembeni na kuzungumza na Nextcloud kwa mbali, lakini tunazozitumia kila siku, yaani kalenda, anwani, fomu na ubao wa kazi, ni za aina hii ya kwanza.

Mtu ataniambia, lakini si kuna sahihi? Ipo. Mwandishi wa programu hupewa cheti, kifurushi chake hutiwa sahihi ya kidijitali, na seva yako huikagua kabla haijafungua kifurushi. Ikiwa kuna mtu amekichezea njiani, seva inakikataa. Hiyo ni kinga ya kweli na tuishukuru. Ila sahihi inakuambia kwamba kifurushi kimetoka kwa fulani, basi. Haikuambii kama fulani ni makini, kama bado anaitunza kazi yake, wala kama aliwahi kufikiria ofisi yenye mtandao kama wetu.

Kwa hiyo mimi kabla ya kubofya husoma. Ndani ya kila programu kuna folda inaitwa appinfo, na humo mna faili inaitwa info.xml. Ni fupi, kurasa mbili hivi. Hata usiyejua PHP unaisoma ukaielewa. Inakuambia mwandishi ni nani, leseni ni ipi, inahitaji nyongeza zipi za PHP, na kuelekea chini kuna mstari ambao ndio ninaoutazama kuliko yote, unaotaja Nextcloud pamoja na maneno mawili, min-version na max-version. La kwanza ni toleo la chini kabisa inalokubali, la pili ni la juu kabisa. Kama wewe uko toleo la 31 na programu inaishia 29, mwandishi wake amekwisha kukujibu.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Nextcloud hutoa toleo kubwa jipya mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukipita, tundu la usalama likigunduliwa halizibwi tena kwenye toleo lako. Na huruhusiwi kuruka. Ukiwa 28 ukitaka 31, unapita 29, unapita 30. Katika kila hatua, programu ambayo max-version yake haijafikia toleo jipya huzimwa yenyewe, ili isiangushe seva. Sasa sisi tulikuwa na programu moja ndogo ya kupanga maombi ya mikopo, kazi ya mtu mmoja wa kujitolea huko ughaibuni. Nzuri kwa kweli. Kamati iliipenda, karani aliizoea, mtiririko mzima wa maombi ukahamia humo. Kisha mwandishi wake akaacha. Sijui yaliyomkuta, na simlaumu, maana alitupa bure kitu cha thamani. Lakini kila tulipotaka kupanda toleo, programu ile ilikuwa inabaki nyuma. Kamati ikasema tusubiri. Tukasubiri mwezi, tukasubiri mwingine, na huku toleo letu likawa limetoka kwenye matunzo. Kuna njia ya kuilazimisha, amri ya app:enable ina alama ya --force inayopuuza max-version. Niliijaribu kwenye mashine ya pembeni. Ukurasa wa maombi ulifunguka, lakini kitufe cha kuhifadhi hakikuhifadhi kitu, na hakikutoa kosa lolote. Fikirini: karani anajaza ombi la mwanachama, anabofya, anaona kimya, anaendelea na la pili.

Tukaishia kuhamisha maombi yote kwa mkono kwenda kwenye fomu za kawaida. Jioni tatu, mimi na karani, mstari kwa mstari.

Tangu siku hiyo nina maswali matatu kabla ya programu yoyote. Imesasishwa lini mara ya mwisho? Nyuma yake kuna mtu mmoja au kuna timu? Na ikifa kesho, data iliyomo naitoa kwa njia gani? La tatu ndilo linalopima. Kalenda inatoa faili ya ics inayosomeka kila mahali. Anwani zinatoka kama vcf. Fomu zinatoka kama jedwali. Programu isiyo na mlango wa kutolea data siiweki, hata kama mwenyekiti wa bodi ameiona kwa jirani na anaitaka.

Haya, tumesoma, tumeridhika, tunaweka. Kuna kuweka kwa kivinjari na kuna kuweka kwa terminali, yaani dirisha la kuandika amri, na tofauti yake nilifundishwa na bando langu mwenyewe.

Mhasibu wetu aliniomba jambo la haki kabisa: aweze kufungua fomu ya mkopo kwenye kivinjari na kuirekebisha hapohapo, bila kuishusha kwenye kompyuta yake. Kazi hiyo hufanywa na Collabora. Kwa sisi tusio na mashine ya pili kuna programu nyongeza iliyobeba seva nzima ya Collabora ndani yake, jina lake richdocumentscode, inayofuatana na nyingine inayoitwa richdocuments. Wenye Raspberry Pi wana ya kwao, yenye arm64 mwishoni mwa jina. Nikaingia kama msimamizi, nikafungua ukurasa wa programu, nikabofya kitufe. Kiduara kikazunguka wee, kisha ukaja ujumbe mwekundu. Nikabofya tena. Kiduara, ujumbe mwekundu. Mara ya nne mhasibu akaniambia, "Mwanangu, hebu pumzika kwanza, kesho pia ni siku."

Usiku ule ndipo nilipokwenda kusoma kodi yenyewe. Nextcloud inapopakua programu kwa njia ya kivinjari, inajiwekea kikomo cha sekunde 120. Inapopakua kwa njia ya terminali, haijiwekei kikomo chochote. Sasa pigeni hesabu. Mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde, kwa dakika mbili, unakuletea megabaiti 60. Kifurushi kile kina mamia ya megabaiti. Hakikuwa na njia ya kufika, hata ningebofya mpaka asubuhi. Na kila nilipobofya kilianza upya kutoka mwanzo, kikala bando, kikakatwa. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Tulikuwa tunaingiza godoro kwa dirishani.

Asubuhi nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia seva kwa amri kutoka mashine nyingine, nikaenda kwenye folda ya Nextcloud, nikaandika:

sudo -u www-data php -d memory_limit=512M occ app:install richdocumentscode

Tuitazame amri hii kipande kwa kipande, kwa sababu ndiyo mtakayoitumia maisha yenu yote. Occ ni chombo cha kuendeshea Nextcloud kutoka terminali, kinakaa ndani ya folda yake kuu. Sudo -u www-data maana yake unaiendesha kwa jina la www-data, mwenye faili zile. Ukijaribu kama root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, occ inakataa na kukuambia iendeshwe na yule anayemiliki config.php. Msikasirike ikikataa, inawaokoa na tabu nitakayoisimulia sasa hivi. Memory_limit=512M ni kumwekea PHP kikomo cha kumbukumbu kwa kazi hii moja, megabaiti 512 ndizo zinazopendekezwa. Nikaacha ikipakua. Ilichukua muda wa kutosha chai na maandazi mawili. Niliporudi ilikuwa imeandika kwamba imesakinishwa na imewashwa. Mhasibu akafungua fomu, akabadilisha tarakimu moja, akahifadhi, akaniangalia bila kusema neno. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa mshahara wangu wa kwanza.

Kuna wenzetu hapa ambao seva zao hazina intaneti kabisa, ziko ndani ya shule tu. Nanyi mnaweza. Kifurushi kinapakuliwa mahali penye mtandao, kinaletwa kwa flashi, kinafunguliwa ndani ya folda ya programu, kisha kinawashwa kwa occ app:enable. Nawashauri msikifungue ndani ya folda ya apps iliyokuja na Nextcloud. Tengenezeni folda ya pili, wengi tunaiita custom_apps, mkaitaja kwenye config.php chini ya apps_paths. Hivyo zilizokuja na nyumba zinakaa kwake na mlizoleta ninyi zinakaa kwake, na siku ya kupanda toleo hamtachanganya.

Ila kwa njia hii ya mkono kuna mtego, nami niliuingia mzimamzima. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, kamati ya mikopo inakutana saa nne. Nilikuwa nimeahidi ubao wa kazi wa kufuatilia maombi. Badala ya kuchukua kifurushi kilichotolewa rasmi na mwandishi, nikapakua kodi yake ghafi ya zip kutoka mahali anapoitunza mtandaoni. Kwa macho zinafanana. Lakini kodi ghafi haijajengwa: haina folda ya vendor yenye maktaba za PHP zinazotegemewa, na mara nyingi haina JavaScript iliyokwisha kutengenezwa. Folda yenyewe inakuja na jina lenye "-main" mwishoni, na Nextcloud inataka jina la folda lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho kilichomo kwenye info.xml. Nikabadilisha jina. Na kwa kuwa nilifungua zip nikiwa root, faili zote zikawa mali ya root, nikalazimika kuzirudisha kwa chown -R www-data:www-data. Huo ulikuwa wakati wa kusimama na kujiuliza kwa nini napambana kiasi hiki na kitu kilichopaswa kuwa tayari. Sikusimama. Nikawasha.

Ukurasa wote ukaanguka. Si ubao tu. Mafaili, kalenda, kila kitu, maandishi meupe yanayosema kuna kosa la ndani la seva. Nikakimbilia occ app:disable, nayo occ ikaanguka kwa kosa lilelile, kwa sababu occ nayo hupakia programu zilizowashwa kabla ya kukusikiliza. Wajumbe wakaanza kuingia. Nikafungua logi ya Apache, /var/log/apache2/error.log, na mstari wa mwisho ulikuwa unalia kwamba require_once imeshindwa kufungua vendor/autoload.php ndani ya folda ile niliyoileta mimi.

Kilichotuokoa ni hiki, na naomba kila mmoja akiandike. Programu ni folda. Ukiiondoa folda pale ilipo, Nextcloud haina cha kupakia. Nikaandika sudo mv, nikataja folda ile ya ubao ndani ya custom_apps, nikaihamishia /root. Nikaburudisha ukurasa, mafaili yakarudi yote, mwenyekiti wa kamati akafungua ombi la kwanza saa nne na robo. Baada ya kikao nikatulia, nikaizima rasmi kwa occ, nikatafuta kifurushi kilichotolewa rasmi, na hicho nikakiweka jioni kikawaka bila neno. Kama kuhamisha folda hakutoshi, kwenye hifadhidata kuna jedwali linaitwa oc_appconfig. Tafuta mstari wenye jina la programu na neno enabled, weka no. Mimi sijawahi kufika huko, lakini najua mlango uko wapi.

Niliwaomba radhi wajumbe siku ileile. Waliniuliza kama nyaraka zimepotea, nikawaambia hakuna hata moja, na ilikuwa kweli, maana mafaili yao yako kwenye folda ya data na programu ilikuwa imeharibika mbali nayo. Lakini niliziona nyuso zao kwa ule muda wa robo saa. Hawa ni walimu waliokopa ada za watoto.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu. Hakuna programu mpya Ijumaa, hakuna programu mpya wiki ya mwisho wa mwezi. Kila kitu kinaanzia kwenye kompyuta mpakato ya zamani ambayo ina nakala ya seva, yenye wanachama wa kubuni. Kikikaa wiki nzima bila kulalamika kwenye nextcloud.log, ndipo kinahamia kwenye seva ya kweli, na hapo pia siwashi kwa watu wote. Occ app:enable inakubali kutajiwa kikundi, nami nina kikundi kinaitwa majaribio: mimi, karani na mjumbe mmoja ambaye hana subira. Huyo asiye na subira ndiye wa maana kuliko sote wawili, kwa sababu anabofya kila kitu. Si kila programu inakubali kufungiwa ndani ya kikundi. Zinazogusa mfumo wa mafaili au kuingia kwa watumiaji hukataa, na hizo ndizo za kuwa nazo waangalifu mara mbili.

Na kabla ya kuwasha kwenye seva ya kweli, nakala rudufu. Najua mmechoka kuisikia, niseme tu lile ambalo halisemwi. Programu inapowashwa mara ya kwanza hutengeneza majedwali yake kwenye hifadhidata, na inaposasishwa huyabadilisha. Ukija kurudisha faili za zamani za programu peke yake, majedwali hayarudi nyuma pamoja nazo. Faili zinazungumza lugha ya jana na majedwali yanazungumza ya leo. Kwa hiyo nakala inachukuliwa kwa pamoja: occ maintenance:mode --on, kisha mysqldump ya kunakili hifadhidata, yenye --single-transaction, kisha folda za config, data na custom_apps, halafu --off. Na nakala hiyo mimi huirudisha kwenye ile kompyuta mpakato kila baada ya miezi mitatu, nikaingia kwa jina la mhasibu, nikafungua fomu moja, nikaona inafunguka.

Kuondoa je? Watu wanaogopa kuzima programu wakidhani data itafutika. Haifutiki. App:disable inaizima tu, ukiiwasha kesho kalenda zako zote zipo. App:remove ndiyo inayoondoa faili, na ina alama ya --keep-data kwa anayetaka data ibaki. Hata bila alama hiyo, ukiingia kwenye hifadhidata utakuta mara nyingi majedwali ya programu iliyoondoka bado yapo, yana jina linaloanza na oc_. Kwa ofisi inayotunza taarifa za watu, hilo si dogo. Mwanachama akijitoa na kuomba taarifa zake zifutwe, usimwambie zimefutwa kwa sababu tu uliondoa programu. Kaangalie.

Nimeulizwa mara nyingi programu ngapi zinatosha. Kwetu ni saba: kalenda, anwani, Forms ya fomu, Deck ya ubao wa kazi, folda za vikundi, Collabora, na uthibitishaji wa hatua mbili kwa simu. Hiyo ya saba ningeiweka ya kwanza kama ningeanza upya. Ya simu za video, Talk, hatukuiweka. Inafanya kazi, nimeiona, lakini simu za watu wengi zinahitaji seva nyingine ya kusaidia na mtandao wa kupandisha ambao hatuna, na wanachama wetu wana simu za kawaida wanazopigiana kila siku. Wenzangu wa shule mnaweza kuwa na sababu nyingine, nami nitawasikiliza. Ninachowaomba ni kila programu iliyowashwa iwe na mtu aliyeiomba, jina lake likiwa limeandikwa kwenye daftari, na tarehe. Pale ofisini tulipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza tulikuta programu kumi na tisa nje ya zile zilizokuja na Nextcloud. Kumi na mbili hakuna aliyekumbuka ni nani aliyezitaka. Tulizizima moja moja, moja kwa wiki, tukisubiri mtu alalamike. Alilalamika mtu mmoja, kuhusu rangi ya ukurasa.

Na jambo dogo ambalo wengi hulikosa: baadhi ya programu hazifanyi kazi vizuri kama cron, kile chombo cha kuendesha kazi zenyewe kwa saa maalumu, haijapangwa. Vikumbusho vya kalenda vinachelewa, watu wanadhani programu ni mbovu. Hakikisheni cron.php inaendeshwa na www-data kila dakika 5. Hili nitawaonyesha kwa vitendo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona saa. Yule dada wa zahanati aliyekaa pale mbele amekuja na seva yake ya majaribio na amekubali tuitumie, na nakala rudufu yake ameichukua jana usiku, nimeiona. Anataka fomu za kuandikisha mahudhurio ya kliniki. Kwa hiyo naomba tusogeze viti karibu na ukuta ili wote tuone. Kabla hatujaweka chochote, dada, tufungulie info.xml ya Forms, tukaisome pamoja mpaka ule mstari wa matoleo, kisha uandike occ app:list tuone ndani mwako mna nani tayari.